Kutoka Chumba cha Mangapwani hadi Kidongo Chekundu

Ukitoka Mji Mkongwe ukashika barabara ya kaskazini, ukaipita Bububu, baada ya kilomita 20 na kitu unafika Mangapwani. Jina lenyewe linaeleza habari yake, kwa kuwa Manga ni Uarabuni, na hii ilikuwa pwani ya Wamanga. Wageni huletwa hapa kuona vitu viwili. Cha kwanza ni pango la matumbawe lenye maji baridi, ambalo husimuliwa kwamba liligunduliwa na kijana mtumwa aliyekuwa akimtafuta mbuzi aliyepotea. Cha pili ni chumba kilichochimbwa ndani ya mwamba karibu na bahari, paa lake likiwa chini kiasi kwamba mtu anayepita vichakani asingelijua kama lipo. Ngazi zinashuka gizani. Watu hukiita chumba cha watumwa, na hutajwa kuwa kilijengwa kwa ajili ya mfanyabiashara Mohammed bin Nassor al-Alwi, kiasi cha mwaka 1880.

Ndugu msomaji, uangalie mwaka huo. Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini mwezi wa Juni 1873, na soko la Mkunazini likafungwa. Kwa hiyo chumba cha Mangapwani kilijengwa miaka kadhaa baada ya marufuku. Wakati soko lilikuwapo hapakuwa na haja ya kuficha watu shimoni, maana waliuzwa mchana, mbele ya macho ya kila mtu. Marufuku ndiyo iliyokizaa chumba hiki.

Sisi Wakristo wa Unguja tumezoea kuisimulia habari hii kwa namna nyingine. Tunasema soko lilifungwa, Askofu Edward Steere akajenga Kanisa Kuu la Kristo mahali pale pale, ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya mwaka 1877, na altare ikawekwa pale ambapo inasemekana watumwa walichapwa viboko. Yote hayo ni kweli, na ni haki yetu kuyashukuru. Lakini masimulizi yetu huishia hapo, kengele ikilia, na Mangapwani haimo. Mimi naona tumepoteza nusu ya historia, tena nusu ile tunayoihitaji zaidi leo, wakati vijana wetu wanapolala katika magofu na vichochoroni wakingoja kete ya unga.

Tuanze na bahari. Baada ya mwaka 1873 Waingereza walitia nanga Zanzibar meli kubwa kuukuu iitwayo London, na kutoka hapo mashua za askari zilitoka kuwinda majahazi ya watumwa kati ya Unguja, Pemba na Mrima. Wenye majahazi nao hawakukaa bure. Walisafiri usiku, na wengine wakapandisha bendera ya Ufaransa, maana chombo chenye bendera hiyo hakikuruhusiwa kupekuliwa na Mwingereza. Desemba 1881 nahodha wa London mwenyewe, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipolikaribia jahazi moja la namna hiyo. Watumwa waliendelea kufika, wachache kuliko zamani, kwa bei kubwa kuliko zamani.

Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, na mkataba wao wa tarehe 2 Julai ukaweka mambo matatu katika kitabu kimoja, yaani biashara ya watumwa, biashara ya silaha, na biashara ya pombe kali katika Afrika. Ofisi ya kimataifa ya kukusanya habari za majahazi ya watumwa ikawekwa hapa hapa Zanzibar. Sina haja ya kuwasifu sana waliokutana, kwa kuwa wengi wao walikuwa wakiigawana Afrika kama mkate. Lakini waliona jambo moja sawasawa, kwamba anayeuza watu na anayeuza kinachowaondolea watu akili hutumia njia zile zile, vyombo vile vile, na mara nyingi fedha zile zile.

Unga wenyewe ni mtoto wa miaka hiyo hiyo. Afyuni ilijulikana pwani tangu zamani. Neno letu la zamani la kuitaja ni kasumba, neno ambalo leo tunalitumia kwa fikra mbovu zilizomganda mtu kichwani, na sidhani kama lugha ilikosea. Lakini heroini si afyuni ya wazee. Ilitengenezwa mara ya kwanza na mkemia wa London, C. R. Alder Wright, mwaka 1874, mwaka mmoja baada ya soko la Mkunazini kufungwa. Ikasahauliwa, kisha ikatengenezwa upya katika kiwanda cha Bayer, Ujerumani, mwaka 1897, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa kama dawa ya kikohozi. Mwaka huo huo wa 1897, tarehe 6 Aprili, ndipo amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria ilipotolewa Unguja na Pemba. Tarehe hizi zimekutana kwa bahati tu, sitaki mtu azifanyie unabii.

Kwetu unga ulichelewa kufika. Vijana wa miaka ya 1960 na 1970 walijua tembo, gongo na bangi. Heroini ilianza kuonekana Zanzibar katika miaka ya 1980, wakati bei ya karafuu imeanguka, biashara imefunguliwa, na wageni wanaanza kumiminika kwa ndege na kwa boti. Kwanza ulikuwa unga wa rangi ya kahawia, ambao watu waliuvuta kwa moshi au kuuchanganya na bangi ndani ya sigara, wakauita kokteli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja unga mweupe. Huu huyeyuka upesi katika maji, nao ukaleta sindano.

Njia yake inaeleweka. Kasumba hulimwa Afghanistan, heroini hupita Pakistan na Iran hadi pwani ya Makran, hapo hupakiwa majahazini na kushuka kusini na upepo ule ule uliowaleta wafanyabiashara wa Manga tangu enzi. Sehemu kubwa inakusudiwa kwenda Ulaya, na Afrika Mashariki ni kituo tu. Lakini kituo nacho hula. Mpakuzi, mlinzi na dereva wakilipwa kwa unga badala ya fedha, lazima watafute wa kumuuzia, na wa kumuuzia ni mtoto wa jirani. Januari 2012 zilikamatwa kilo 210 huko Lindi. Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilikuta kilo 1,032 katika jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Serikali ya Kenya ililipua baharini meli ya Amin Darya pamoja na unga uliokutwa ndani yake, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walipelekwa Marekani mwaka 2017, wakahukumiwa kifungo cha miaka 25 na 23.

Msomaji atayatambua majahazi haya. Mengi hayana bendera yoyote. Manowari za kigeni zikiyakamata mbali na nchi, mara nyingi hutupa mzigo baharini na kuwaachia mabaharia, kwa kukosa mahakama ya kuwashitaki. Bwana wa mzigo hayumo chomboni, kama vile bwana wa watumwa wa Mangapwani hakulala shimoni pamoja nao.

Sasa tushuke mitaani, maana huko ndiko historia inakoishi. Mtumiaji tunamwita teja, neno ambalo sikio haliwezi kulitenga na mteja, yaani mnunuzi. Kwa mwuza unga ndivyo alivyo kweli, mnunuzi ambaye hawezi kuhama duka. Mwili wake ukishazoea, saa chache baada ya kete kumwishia huanza arosto. Hutokwa na jasho na kamasi, tumbo humkata, mifupa humuuma, halali. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Wakati huo hatafuti raha tena, raha ilikwisha zamani. Anatafuta kuwa mzima kwa masaa machache. Ndiyo sababu sufuria hutoweka jikoni, na simu, na nguo kwenye kamba, na mwisho mabati ya banda la kuku. Mama huanza kulala na mkoba chini ya mto. Baba hasemi kitu barazani. Wengine hupigwa na watu wenye hasira hadi kufa kwa kitu cha shilingi elfu chache, nasi hupita tukisema alikuwa mwizi.

Sindano ilileta lingine. Katika Zanzibar, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI hawafiki mmoja katika kila 100. Lakini uchunguzi wa mwaka 2007 miongoni mwa wanaojidunga ulikuta 16 katika kila 100, na ule wa mwaka 2012 ukakuta kama 11. Kisiwa kimoja, watu wamoja, hesabu mbili zisizofanana hata kidogo.

Kuna jambo jingine, nalo ni zito. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi Dar es Salaam waliandika habari za wanawake waliokuwa wakijidunga kisha wakavuta damu yao wenyewe katika sindano na kumpa mwenzao ajidunge damu hiyo, ikidhaniwa kwamba ina unga wa kutosha kumtuliza. Walifanya hivyo kwa huruma. Mwenzao hakuwa na fedha, alikuwa katika arosto, nao hawakuwa na kitu kingine cha kumpa. Sisi tunaokaribia meza ya Bwana hatuwezi kuisoma habari hiyo upesi upesi na kufungua ukurasa mwingine. Walikuwa wanajua kupendana, na upendo wao ulikuwa unaua.

Katika mahubiri nimesikia mara nyingi kwamba teja ni mtumwa wa unga. Mfano huo una asili njema, kwa kuwa Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, alieleza kwamba mtu akijitoa kumtii bwana fulani anakuwa mtumwa wa bwana huyo, na wasomaji wake wengi walikuwa wanaujua utumwa kwa mgongo wao. Hata hivyo nimeona watu wakipinga wakisema kwamba mtumwa wa Mangapwani alikamatwa kwa nguvu, lakini teja aliinua mkono wake mwenyewe, kwa hiyo tusiwadharau wahenga kwa kuwafananisha naye.

Pingamizi hilo lina haki yake, ila linaijua historia nusu tu. Si wote waliofikishwa pwani walikamatwa vitani. Wakati wa njaa kuu ya mwaka 1884 upande wa bara, watu walijiweka rehani wenyewe au kuwaweka watoto wao ili wapate chakula. Walikwenda kwa miguu yao, na wengine hawakurudi tena. Na huko Mbweni, ambako wamisionari wa Universities' Mission walinunua shamba na kuanza kuwapokea watu waliokombolewa majahazini, watu hawakupangwa mistari miwili, waliokamatwa huku na waliojiuza kule. Walipewa nguo na kazi, na mahali pa kujenga.

Hapo nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo Kanisa letu lilipofanya kazi ambayo serikali haikuifanya. Amri ya mwaka 1897 haikusema kwamba watumwa wote wako huru. Ilisema kwamba mtumwa anaweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Tena aliyeupata uhuru huo alipaswa kuonyesha kwamba ana makao na njia ya kujikimu, ama sivyo ahesabiwe mzururaji. Fikiri juu ya mtu aliyezaliwa katika shamba la karafuu la bwana wake, asiye na ukoo Unguja, asiye na kiwanja. Anaambiwa yuko huru, kisha anaambiwa akionekana njiani bila nyumba ni mkosaji. Si ajabu kwamba wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Walibaki pale pale, wakapatana na mabwana wao juu ya siku za kazi.

Mbweni ilikuwa jibu la aina nyingine. Haikuwa peponi. Wazungu wa misheni walikuwa wakali, walitunga sheria za kuoa na kuamka na kusali, na wako waliotoroka. Lakini kulikuwa na ardhi, na skuli, na kanisa la Mtakatifu Yohana lililojengwa katika miaka ya 1880, na mwalimu Caroline Thackeray aliyefika mwaka 1877 kufundisha wasichana na ambaye kaburi lake liko huko huko Mbweni. Kulikuwa na Kiungani, skuli ya wavulana, aliposoma na kufundisha Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa akiwa mtoto. Mwaka 1890 akawekwa mkono kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Ilimchukua miaka mingi kufika hapo, na katika miaka hiyo yote kulikuwa na watu waliomngoja.

Teja anayeamua kuacha hukutana na amri ile ile ya mwaka 1897, ingawa haikuandikwa popote. Ataambiwa aache. Akiacha, ataulizwa anakaa wapi na anakula nini. Familia imemfungia mlango kwa sababu wanayoijua. Mwajiri anamjua kwa sura. Mahali pekee panapomkaribisha ni kijiweni. Tena kuna hatari ambayo wazazi wengi hawaijui: aliyekaa wiki kadhaa bila unga, iwe jela au nyumbani, mwili wake umesahau kipimo cha zamani. Akirudia kiasi kile kile, pumzi inaweza kusimama. Wako waliozikwa siku chache tu baada ya kutoka mahali walipopona.

Ahueni ilikuja kwa njia mbili. Mwaka 2009, kwa msaada kutoka mji wa Detroit, Marekani, ilianzishwa Zanzibar nyumba ya kwanza ya wanaoacha, ambayo kila mtu anaiita soba, na nyingine zikafuata. Wanaoziendesha wengi wao walikuwa mateja. Humo watu hufuata hatua 12, na hapa naomba msomaji asikilize, maana hatua hizo zina ukoo na Kanisa. Zilianza kwa walevi wawili wa Marekani, Bill Wilson na daktari Bob Smith, waliokutana Akron mwaka 1935. Wote wawili walikuwa wamepitia kikundi cha Oxford, umoja wa Wakristo ulioongozwa na mchungaji Mlutheri, Frank Buchman, ambamo watu walikusanyika nyumbani, wakaungama mbele ya wenzao, wakaenda kulipa walichodhulumu. Baadaye walevi wakaiacha nafasi ya Mungu wazi, kila mtu amtaje kama anavyomjua. Basi mazoea yaliyoanzia katika sebule za Wakristo yamevuka bahari, na leo yanawasimamisha vijana wa Kiislamu wa Unguja, ambao huyafuata kwa dua zao. Wako Wakristo wanaohuzunika kwamba jina la Yesu halitajwi humo. Mimi huhuzunika zaidi ninapofikiri kwamba kuungama mbele ya ndugu na kulipa deni, mambo tuliyokuwa nayo sisi, siku hizi yanapatikana kwa urahisi zaidi soba kuliko kanisani.

Njia ya pili ni methadoni. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, na Zanzibar ikafuata mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Ni dawa ya maji, hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, nayo huzuia arosto kwa siku nzima bila kumlevya mtu aliyepimiwa sawasawa. Wapo wanaosema ni kubadilisha bwana mmoja kwa mwingine. Lakini mtu asiye na arosto halazimiki kuiba ifikapo alasiri. Anaweza kushika nyundo, anaweza kukaa mezani na mama yake. Wengine huhitaji miaka kadhaa, na aliyekaa miaka 10 katika unga hana sababu ya kuonea haya miaka hiyo.

Mangapwani yenyewe inabadilika. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imeichagua kwa ajili ya bandari kubwa mpya, na bandari huleta mshahara, malori, mabaharia, na vijana wenye fedha mfukoni wasiokuwa na la kufanya jioni. Kila bandari ya pwani hii inaijua habari hiyo, kutoka Mombasa hadi Mtwara. Malindi, Kenya, watu waliona mapema, wakafungua kituo cha Omari Project mwaka 1995, kabla hata sindano haijaenea.

Kwa sasa kijana wa Mangapwani anayetumia methadoni lazima afike Kidongo Chekundu kila siku. Dawa haina sikukuu, na Jumapili ni siku kama nyingine. Huamka kabla ya jua, hutafuta nauli, hupanda daladala kwa safari ya zaidi ya kilomita 20, hunywa kikombe chake, kisha hurudi. Ibada ya kwanza inapoanza, yeye bado yuko njiani.